Trei moja, tembo mmoja: akiba ya kijana atakayebaki

Mtoto wa nyumba zetu huanza kutumwa dukani kabla hajajua kusoma. Anashikishwa noti, anatajiwa vitu viwili, anaambiwa asichelewe na chenji airudishe yote. Akikosea, anarudishwa palepale dukani. Ndivyo wengi wetu tulivyojifunza pesa, bila ubao wala mwalimu. Lakini nenda Mbagala, Tabata au Buguruni hapa Dar es Salaam, utakuta nyumba yenye kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kutumwa popote. Ana ulemavu wa akili, au usonji, au alizaliwa na hali ya Down, na tangu akiwa mdogo nyumba nzima ilikwisha kubaliana kwamba huyu hatumwi. Wadogo zake walitumwa, wakakua, wakaoa na kuolewa. Yeye yuko sebuleni na rimoti, na mama yake anakaribia miaka sitini.

Mama huyo hana mchezo na pesa. Nguo zake ni za mnadani, simu yake ni ya tochi, nyama huingia ndani ya nyumba siku ya sikukuu. Kila anachokibana anakiwekea jina la mwanawe. Ukikaa naye kwa nusu saa atakuuliza, kama anavyomuuliza kila mtu: siku nikifumba macho, huyu itakuwaje?

Nimekaa na wazazi kadhaa wa aina hiyo, nikaangalia madaftari yao ya matumizi pale walipokubali kunionyesha. Si wafujaji. Ila wengi wanabana pasipobanika na kuachia panapovuja. Na hata ile akiba wanayoipata kwa jasho hukaa kwa jina ambalo, siku ya msiba, litaifungia mahakamani.

Waliambiwa hatafika mbali

Wazazi wengi wenye watoto ambao sasa ni watu wazima hawakupanga chochote kwa sababu waliambiwa hakutakuwa na cha kupanga. Hospitalini au kwa majirani, waliambiwa mtoto wa hivi haishi. Maneno hayo hayakutoka hewani. Nchini Marekani, ambako hesabu za aina hii zimewekwa kwa muda mrefu, mtu mwenye hali ya Down mwaka 1983 alitarajiwa kuishi miaka 25 tu. Leo ni karibu 60. Tofauti kubwa imeletwa na upasuaji wa moyo, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Hapa kwetu Tanzania, tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na watoto ambao zamani wangesubiri zamu ya kupelekwa India sasa wanapasuliwa Upanga.

Mtoto aliyepona moyo anakuwa kijana, kijana anakuwa mtu mzima, na mtu mzima anawazika wazazi wake. Hilo ndilo jambo la kawaida duniani, lakini ndilo ambalo familia hizi hazikuandaliwa kwalo. Baba akistaafu akiwa na miaka 60, mwanawe ana 28 au 30. Kama Mungu akipenda, ana miaka mingine 30 ya kula, kuvaa, kuugua na kucheka. Miaka hiyo ndiyo inayotafutiwa pesa.

Panapovuja

Madaftari yana siri zake. La kwanza nililolifungua lilikuwa la familia ya mfanyakazi mstaafu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu, kila kitu kimo: luku, maji, sukari, nauli. Mkaa wa kopo kila siku. Mafuta ya kula ya kupima, robo lita kwa robo lita. Mchele kilo moja moja. Mtu anayenunua hivi anajiona anabana, kumbe analipa bei ya juu kuliko tajiri wa Masaki anayenunua dumu. Kikundi cha akina mama watano wakichanga na kuchukua gunia la mchele wakati wa mavuno, wakagawana, kila mmoja anabakiza pesa ya maana bila kupunguza punje katika sahani. Hili kila mtu analijua, wachache wanalifanya, kwa sababu linahitaji pesa ya pamoja siku moja, na pesa ya siku moja ndiyo adimu.

Lakini mkaa na mafuta si tundu kubwa. Tundu kubwa lilikuwa limeandikwa kwa kifupi: "mch." Mchango. Mchango wa harusi, kitchen party, send-off, kipaimara, ubarikio, besidei ya miaka 50 ya shangazi wa mwenzake kazini. Kwa Dar es Salaam, kadi ya mtu mmoja kwa shilingi 50,000 si ajabu hata kidogo, na familia ile ilipokea kama kadi mbili kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: 100,000 kwa mwezi, 1,200,000 kwa mwaka. Miaka kumi ni milioni 12, zimeliwa pilau na kunywewa soda chini ya mapambo ya kukodi.

Ninajua jibu utakalonipa, na ni jibu zuri. Mchango ni bima ya watu. Waliokula harusi yako ndio watakaokuzika, na ndio watakaompitia kijana wako kumjulia hali. Kwa hiyo siwezi kumshauri mzazi wa kijana mwenye ulemavu ajitenge na watu. Huyo kuliko wote anahitaji watu. Nasema atofautishe. Msiba usikose, hata kama ni elfu tano na kukaa na wafiwa mpaka usiku. Harusi ya ndugu wa karibu changia. Kadi ya mtu uliyeonana naye mara moja ofisini, mshukuru, mwombee heri, na uihifadhi hiyo 50,000. Asiyekuelewa hukuwa umemtegemea.

Uvujaji mwingine ni wa aibu zaidi kuusema, nao ni wa miaka ya mwanzo: waganga na waombeaji. Kuna familia zilizouza kiwanja kwa ajili ya kumtoa mtoto "jini" ambalo kwa kweli ni kromosomu moja ya ziada. Sina ugomvi na dua wala maombi, maana hayo hayalipiwi kwa kiwanja. Atakayekuambia uponyaji wa mwanao una bei, tena bei inayopanda kila unaporudi, huyo anafanya biashara.

Pasipobanika

Kwa upande wa pili kuna vitu vinabanwa ambavyo havifai kuguswa. Dawa ya kifafa ni kimoja. Vijana wengi wenye mtindio wa ubongo au usonji wana kifafa pia, na mama akiona wiki tatu zimepita bila kuanguka anaanza kuruka siku ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Kukatiza dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokoma, na usiku mmoja wa gari la kukodi na kulazwa humeza akiba ya dawa ya mwaka. Nepi za watu wazima, ndiyo, ni ghali mno kwa familia ya kawaida, na hapo vitambaa vya pamba vya kufua na ratiba ya kumpeleka chooni kila baada ya saa mbili vinaokoa pesa na heshima pia. Kiti mwendo kisichomtosha si akiba. Kinampinda mgongo, na mgongo uliopinda una bili zake.

Kinachobanwa kuliko vyote ni mafunzo. Nauli ya kumpeleka kijana kwenye kitengo cha elimu maalumu inaonekana kama anasa, kwa kuwa "hata hivyo hatafanya mtihani." Hapo ndipo ninapogombana na wazazi waziwazi. Kila kazi ambayo kijana hawezi kujifanyia, kuna mtu atalipwa kuifanya siku mama hayupo, au hakuna atakayeifanya. Kijana anayejua kujiogesha, kuvaa, kupika chai na kufua nguo zake za ndani anahitaji msaidizi wa saa mbili. Asiyejua anahitaji msaidizi wa kutwa. Hakuna mfuko wa uwekezaji unaolipa kama huo.

Simba hawezi kununua trei

Mbagala, ndani kidogo ukiacha barabara ya Kilwa, kuna kijana wa miaka 26 mwenye hali ya Down anayeuza mayai. Hajui kusoma. Kuhesabu kwake kunafika saba, kisha kunaruka kwenda kumi na mbili. Mama yake, aliyekuwa mhudumu wa shule ya msingi, alianza kumfundisha kijana akiwa na miaka 19, baada ya mume wake kufariki, na alichukua njia ambayo hakuisoma popote.

Mayai hayahesabiwi. Kijana anaokota, anapanga kwenye trei, yai moja kila kishimo. Vishimo vikijaa, trei imejaa, na trei iliyojaa ni mayai 30 hata kwa asiyejua 30 ni nini. Pesa nazo hazisomwi. Noti yetu ya 10,000 ina tembo, ya 5,000 ina kifaru, ya 2,000 ina simba, na ya 1,000 ina Mwalimu Nyerere. Kijana anawajua wote wanne kwa sura. Sheria ya duka lake ni moja, na anaisema kwa sauti mteja anapoinama kuangalia mayai: "Trei moja, tembo mmoja." Mteja akitoa simba anatikisa kichwa. Akitoa vifaru wawili, hapo alikuwa anakwama, mpaka mama yake alipochora kwenye boksi vifaru wawili, alama ya usawa, na tembo. Sasa anaangalia boksi kwanza, halafu anatoa trei.

Bei ya mayai haitulii, na huo ndio ulikuwa mtihani. Sokoni trei iliposhuka hadi 9,000, wateja walianza kulalamika, na kijana hana mnyama wa elfu tisa. Mama hakumbadilishia sheria. Tembo akabaki tembo, ila mteja anapewa nyongeza ya mayai matatu kwenye mfuko, ambayo mama huyafunga mapema asubuhi. Wanaolipa kwa simu huambiwa warudi na noti. Wengine hukasirika, wengi hurudi.

Je, kuna faida? Nilipiga hesabu na mama huyo ukumbini kwake, tukikaa kwenye jamvi. Kuku wapatao 40 wanatoa karibu trei moja kwa siku. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kundi lile linamaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku kumi tu. Ukitoa chakula, chanjo ya kideri na kuku wanaokufa, kinachobaki ni shilingi elfu mbili au tatu kwa siku. Wastaafu wanaoambiwa kuku watawafanya matajiri waisome sentensi hiyo mara mbili kabla hawajaingiza mafao yao bandani. Lakini elfu mbili hizo zinanunua luku na sabuni, na muuzaji anayezipata ana wateja wanaomjua kwa jina. Siku asipotokea kibarazani, watu hugonga mlango kuuliza kulikoni.

Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea ninayoweza kuieleza mbele ya wazazi. Hakuna anayemtaka kijana yule aishi peke yake. Waswahili gani wanaishi peke yao? Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao hauzungumzii upweke. Unazungumzia kuchagua mtu anaishi wapi na nani, na kuwa sehemu ya jamii.

Namba kabla ya pesa

Sasa turudi kwenye akiba. Kijana akishafika miaka 18 anatakiwa awe na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, na bila namba hiyo hana laini ya simu kwa jina lake. Bila laini hana akaunti ya pesa za simu, na benki nayo itamuuliza namba hiyohiyo. Vijana wengi wenye ulemavu wa akili hawana hata cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hawakuandikishwa shule na hakuna aliyewahi kukidai. Kwa hiyo kuna mtu mzima anayeishi, anayekula, anayejulikana mtaa mzima, ila kwenye karatasi hayupo. Huwezi kumwekea akiba mtu ambaye hayupo.

Mlolongo wenyewe ni wa kuchosha lakini si wa gharama kubwa: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, barua na muhuri wa serikali ya mtaa, kisha ofisi ya NIDA ya wilaya kwa picha na alama za vidole. Nenda asubuhi, nenda na mtu wa pili, na mfanyishe kijana mazoezi nyumbani ya kubonyeza kidole mezani bila kukivuta. Kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye mikono yake haitulii anahitaji subira ya ofisa, na ofisa anahitaji kuombwa kwa lugha nzuri.

Baada ya hapo ndipo pesa. Kikoba au mchezo wa kupeana zamu ni mzuri kwa kukusanya, mbaya kwa kutunza. Pesa ya kikoba hurudi mkononi Desemba, na Desemba ina macho mengi. Wenye uwezo wa kutoa kidogo kidogo wana mifuko ya UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya serikali: Umoja ulioanza mwaka 2005, Jikimu uliobuniwa kwa anayetaka gawio, Hati Fungani ulioanza 2019, na mingine. Wenye kiasi kikubwa zaidi, hasa wanaopokea mafao, wana hatifungani za serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, ambazo muda wake unafika hadi miaka 25 na riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita.

Chukua mfano wa hatifungani ya milioni 10 yenye riba ya asilimia 12. Inalipa 1,200,000 kwa mwaka, yaani laki sita kila nusu mwaka, na ule msingi haujaguswa. Hiyo ndiyo pesa ileile ya kadi mbili za harusi kwa mwezi. Tofauti ni kwamba hii inakuja na ile inakwenda. Ila usidanganyike: bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, laki moja ya leo itanunua nusu yake baada ya miaka 18 hivi. Anayekula riba yote bila kurudisha sehemu yake kwenye akiba anamwachia mwanawe pesa itakayokuwa imechoka wakati kijana anaihitaji kuliko wakati wowote.

Ndiyo maana wazazi wengi wa Dar wanaamini vyumba kuliko karatasi, na siwabishii. Vyumba viwili vya uani, kijana akiwa na chake cha tatu, vinampa kodi inayopanda na bei, tena vinampa majirani ndani ya ua mmoja. Mpangaji mwenye roho nzuri ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Swali ni nani atakayeipokea kodi.

Kikao cha ukoo

Na hapa ndipo akiba nyingi zinapopotea, hata zile zilizobanwa vizuri kwa miaka 20. Nyumba iko kwa jina la baba. Baba anafariki. Kikao cha ukoo kinakaa, kinampendekeza msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha, kisha hoja inaletwa kwamba nyumba iuzwe ili kila mtu apate chake. Kijana mwenye ulemavu ana fungu lake kama wenzake, hakuna anayelikana. Fungu hilo hukabidhiwa mjomba au baba mdogo "amshikie." Sihitaji kuendelea.

Dawa yake ni wosia, na watu wetu wanauogopa wosia kama vile kuuandika ni kuita mauti. Kwa wanaofuata mila, kanuni za mwaka 1963 zinataka wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wawili ikiwa mwenye wosia anajua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na watu wanne ikiwa hajui. RITA, ileile inayotoa cheti cha kuzaliwa, huandika na kuhifadhi wosia, kwa hiyo anayekwenda kufuata cheti cha mwanawe anaweza kumaliza shughuli mbili kwa nauli moja. Unaweza pia kuweka mali chini ya wadhamini, kwa masharti kwamba nyumba isiuzwe na kodi yake imtunze fulani maadamu yu hai. Wakenya wamekwenda mbele kidogo hapa: mabadiliko ya sheria yao ya mwaka 2021 yaliweka utaratibu wa wazi wa udhamini wa familia.

Kwa Waislamu hesabu ni nyingine, na wengi hukosea. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi hausiiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Kwa hiyo baba aliyeandika "nyumba yote ni ya mwanangu mgonjwa" ameandika karatasi ambayo ndugu wanaweza kuikataa. Njia iliyo wazi ni hiba: ampe akiwa hai na mwenye afya, mali itoke mikononi mwake kwa kweli, mashahidi wawepo, na mlezi anayeipokea kwa niaba ya kijana ajulikane. Nyingine ni wakfu, ambao Zanzibar una Kamisheni yake ya Wakfu na Mali ya Amana. Kaa na kadhi au sheikh anayeijua mirathi kabla ya kukaa na wakili. Na ukiwa na uwezo, wakalishe pamoja.

Kabla ya yote hayo, ongea na watoto wengine. Kuna desturi mbaya ya kumtazama binti mmoja, kwa kawaida yule aliyechelewa kuolewa, na kuhesabu kimyakimya kwamba yeye ndiye atakayebaki na kaka yake. Hakuulizwa. Anastahili kuulizwa, na akikubali anastahili kuandikiwa kitu: chumba chake, sehemu ya kodi, kauli ya kaka zake mbele ya wazee kwamba kila mwezi watatuma kiasi fulani. Ulezi usiolipwa nao ni mchango, na mkubwa kuliko kadi yoyote.

Fungu la serikali

Mzazi asitegemee makubwa, lakini asiache kilicho chake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wake. Kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF ziulize kuhusu nyongeza ya ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu. Vipo vyuo vya serikali vya ufundi kwa watu wenye ulemavu: Yombo hapa Dar es Salaam, na vingine Singida, Tanga, Mwanza, Tabora na Mtwara. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kila ninapoingia ofisi inayojisifu kwa hilo, huwa nauliza kama wamo wenye ulemavu wa akili. Bado sijajibiwa ndiyo.

Kenya inatoa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa katika kaya maskini, zikipokelewa na mlezi, na mwaka 2025 ilipitisha sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Zanzibar inamlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, na mama wa miaka 72 mwenye kijana wa 35 anajua pesa ile inakula watu wawili. Bara hatuna bado malipo ya kila mwezi kwa kila mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa asiyeweza kufanya kazi, awe kwenye kaya ya TASAF au la. Wabunge wanaosoma makala haya wikiendi hii wanaweza kuliuliza swali hilo bungeni bila kusubiri bajeti ijayo.

Wewe mzazi usiwasubiri. Kama mwanao ametimiza miaka 18 na hana namba ya NIDA, anza na cheti cha kuzaliwa Jumatatu. Na leo jioni, kabla hamjala, mpe Nyerere mmoja mkononi umtume dukani akanunue kiberiti.